Kitanda kikiita, nani ataitika?

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, Mwenye kuumba maradhi na kuyaumbia dawa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, hivi karibuni tulimzika mzee mmoja wa msikiti wetu, mtu wa safu ya kwanza. Alikuwa amelazwa hospitalini kwa kiharusi kilichomdhoofisha upande wa kushoto, na madaktari walikwishasema kuwa anaendelea vyema. Usiku wa nne, alfajiri ikikaribia, aliamka kama alivyozoea kuamka kwa zaidi ya miaka hamsini, akateremsha miguu kitandani kwenda kutafuta maji ya udhu. Binti yake, aliyekuwa amekesha naye usiku zote hizo, alikuwa ametoka kidogo kwenda kuchota maji ya moto. Muuguzi wa zamu, mmoja kwa wodi nzima, alikuwa upande wa pili akimshughulikia mgonjwa aliyezidiwa. Mzee akaanguka, akavunjika nyonga. Hakusimama tena. Baada ya wiki tatu akarejea kwa Mola wake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Siku ya tatu ya msiba, kijana mmoja wa familia ile, aliyewahi kufanya kazi ya uuguzi ng'ambo, alitusimulia habari za vitanda vya hospitali ambavyo mgonjwa akijaribu tu kunyanyuka, kitanda chenyewe hupiga kengele kwa muuguzi. Binti wa marehemu alikuwa akisikiliza. Akatuuliza kwa sauti ya chini: "Shehe, kama baba angelala kwenye kitanda kama hicho, si angekuwa hai? Na mimi niliyetoka, nina dhima gani mbele ya Mwenyezi Mungu?"

Swali la pili tulimjibu palepale. Swali la kwanza lilitufanya tuwaulize wajuzi na tusome. Leo tunayajibu yote mawili hadharani, kwa sababu tunaamini hakuna familia isiyokuwa na mgonjwa, au isiyowahi kuwa naye, au isiyomtarajia.

Kwanza, kitanda hicho ni kitu gani? Katika fremu yake, kwenye pembe zake, mna vipima uzito. Mgonjwa akilala kimya, uzito wake hutulia, akikaa na kusogea ukingoni, uzito huhama, akiteremka, huondoka. Muuguzi huweza kukipangia kitanda kiite katika hatua gani: mgonjwa anapoanza tu kunyanyuka, anapofika ukingoni, au anapokwisha kutoka. Kitanda hutambua pia kama vizuizi vya pembeni vimeshushwa, kama breki za magurudumu hazikufungwa, na kama kimeachwa juu mahali ambapo mgonjwa akianguka ataumia zaidi. Habari hizo hufika kwenye meza ya wauguzi, na katika baadhi ya hospitali hufika kwenye simu aliyoibeba muuguzi mfukoni.

Viko vyenye kufanya zaidi ya hayo. Chini ya godoro huwekwa kihisi chembamba kinachopokea mitikisiko midogo ya mwili, kikahesabu pumzi na mapigo ya moyo bila ya waya wowote kugusa ngozi. Faida yake ni kubwa, kwani madaktari wanajua kuwa mara nyingi pumzi ya mgonjwa hubadilika saa kadhaa kabla hajazidiwa. Mgonjwa wa figo au wa moyo asiyeweza kusimama kwenye mizani hupimwa uzito akiwa amelala, ikajulikana kama maji yanaongezeka mwilini. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia hutakiwa kichwa chake kiinuliwe kwa nyuzi 30 au zaidi ili kumkinga na nimonia, na kitanda hutoa onyo kikishushwa chini ya hapo. Na yako magodoro yenye vyumba vya hewa vinavyojaa na kupungua kwa zamu, ili sehemu moja ya mwili isielemewe muda mrefu hata ikafanya vidonda.

Haya si mambo ya anasa. Nchini Marekani, yenye hospitali tajiri, inakadiriwa kuwa wagonjwa kati ya 700,000 na milioni 1 huanguka hospitalini kila mwaka, na watu zaidi ya milioni 2.5 hupata vidonda vya kulala kitandani muda mrefu. Ikiwa hali ni hiyo kwenye mali nyingi, basi sisi tunaoegemeza mikeka chini ya vitanda vya wagonjwa wetu tuna sababu zaidi ya kulifikiri jambo hili.

Ama msimamo wa dini yetu katika zana kama hizi, hauna utata. Mtume (S.A.W.) aliwahimiza waja wa Mwenyezi Mungu wajitibu, akafundisha kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yana dawa yake. Na bedui alipomuuliza kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mwenyezi Mungu, alielekezwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Kengele ya kitanda ni katika hizo kamba za ngamia. Anayesema kuwa mashine hizi ni kupingana na kadari hajaifahamu kadari, kwani sababu nazo ni sehemu ya kadari.

Lakini kamba haimlindi ngamia ikiwa hapana mtu wa kuifunga. Na hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi.

Mwaka 2012, jarida la kitabibu la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali moja ya Marekani, wodi 16, wagonjwa zaidi ya 27,000. Nusu ya wodi wauguzi wake walifundishwa na kuhimizwa kutumia kengele za vitandani. Walizitumia kweli, mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Lakini idadi ya walioanguka haikupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Mzee akiteremsha miguu, kati ya kengele kulia na mwili kugusa sakafu mna muda mfupi mno. Asiyekuwa karibu, hata akiisikia, hukuta yaliyotokea yamekwisha kutokea.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mwingine, wa mashine za kufuatilia wagonjwa mahututi katika hospitali ya chuo kikuu mjini San Francisco. Katika siku 31, kwenye vitanda 77, mashine zilitoa ishara zaidi ya milioni 2.5. Zilizotoa sauti peke yake zilikuwa 187 kwa kila kitanda kwa siku. Ni sikio gani litakaloendelea kushtuka? Kila kengele inapolia bila sababu, sikio hujifunza kutosikia. Wenyewe wanauita uchovu wa kengele, na mwaka 2013 taasisi inayozikagua hospitali za Marekani ilitangaza kuwa, katika muda wa miaka mitatu na nusu, ilikuwa imepokea taarifa za matukio 98 yenye kuhusiana na kengele, na 80 kati ya hayo yaliishia kwa mauti. Katika baadhi yake sauti ilikuwa imepunguzwa au kuzimwa.

Ndugu Waislamu, hatuyaelezi haya ili tuidharau elimu. Tunayaeleza ili tujue kitanda kinaweza nini na hakiwezi nini. Kitanda huita. Hakiwezi kuitika. Anayeitika ni mwanadamu mwenye miguu, mwenye huruma na mwenye hofu ya Mwenyezi Mungu. Na wanadamu hao ni wachache: Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2025 kuwa dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023, na kwamba walikosekana wengine milioni 5.8. Pengo hilo haliko sawa kila mahali. Afrika ni katika sehemu zilizoelemewa zaidi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na muuguzi mmoja hawezi kuzikimbilia kengele za wodi nzima.

Hivyo basi, kwa swali la kwanza la binti yule tunasema: huenda kitanda kingemsaidia baba yake, kama pangekuwepo mtu wa kufika. Kitanda peke yake, hapana.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mashine haikulijua wala haitalijua, nalo linatuhusu sisi wenye kuswali. Mzee wetu hakuanguka kwa ukaidi. Aliinuka kwa ajili ya udhu. Ni wazee wangapi wa Kiislamu wanaoinuka hivyo hivyo usiku wa manane, wamedhoofika, wamepewa dawa za usingizi au za kushusha shinikizo la damu, sakafu ina maji, taa imezimwa, nao hawataki kumwamsha mtu? Na ni wangapi kati yetu, watoto wao, tuliowahi kukaa nao kabla ya kulazwa tukawaeleza kuwa Mola wao amewasamehe?

Mwenyezi Mungu ameruhusu tayamamu kwa mgonjwa katika Surat An-Nisaa na katika Surat Al-Maida. Mtume (S.A.W.) alimfundisha Imran bin Huswain (R.A.), aliyekuwa na maradhi, aswali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, akapatwa na janaba usingizini, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaioni ruhusa hiyo maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba kwa asiyejua, tiba yake ni kuuliza.

Tuyazingatie maneno hayo mazito. Hakumlaumu maiti, wala hakuyalaumu maji. Aliwalaumu waliokuwa naye wakamkosesha ruhusa ambayo Mwenyezi Mungu alikwishampa. Kwa hiyo mwenye kumwacha mzazi wake mgonjwa aamini kuwa swala yake haisihi mpaka ateremke kitandani, naye anajua au anaweza kuuliza, ajihisabu kabla hajahisabiwa.

Tunanasihi hivi. Siku ya kwanza ya kulazwa, mpelekeeni mgonjwa wenu chombo kidogo chenye mchanga safi wenye vumbi, na mumweleze mahali kilipo. Kama maji hayamdhuru, aletewe bilauri na beseni atawadhe akiwa kitandani. Muulizeni muuguzi kama kitanda kinaweza kuelekezwa kibla. Isipowezekana, mgonjwa aswali kwa kadiri ya uwezo wake, wala asijitaabishe kukigeuza mwenyewe. Na akilala kwenye kitanda chenye kengele, mjulisheni muuguzi saa za swala, kwani mgonjwa akiinuka kukaa au kuinama, kengele huweza kulia. Msiizime nyinyi wenyewe kwa kuona inamkera mkaisahau. Hiyo ni kufungua kamba ya ngamia na kwenda zenu.

Ukiitazama historia yetu, utaona kuwa Waislamu wa mwanzo walifahamu kuwa dawa ya kwanza ya mgonjwa ni kuwa karibu naye. Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa katika vita vya Handaki, Mtume (S.A.W.) aliamuru apigiwe hema ndani ya msikiti ili amzuru kwa karibu, na wanahistoria wanamtaja Rufaida wa kabila la Aslam kuwa ndiye aliyewauguza majeruhi hapo. Karne nyingi baadaye, Sultani Qalawun alijenga hospitali yake mashuhuri mjini Cairo mwaka 1284. Inasimuliwa kuwa kabla hajatawala aliugua akiwa Damaskasi, akapona kwa dawa zilizotoka katika hospitali ya Nuruddin Zengi iliyojengwa huko mwaka 1154, akaweka nadhiri ya kujenga mfano wake. Aliiwekea wakfu ambao mapato yake yaligharimia vitanda, matandiko, dawa, chakula, na mishahara ya watumishi, wanaume kwa wagonjwa wanaume na wanawake kwa wagonjwa wanawake. Hakuweka wakfu wa kuta na vitanda akawasahau watu.

Hilo ndilo tunalowausia matajiri wetu na kamati za misikiti. Anayetaka kununua vitanda vya kisasa kwa ajili ya hospitali, Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini aulize kwanza maswali manne: usiku pana wauguzi wangapi? Umeme ukikatika itakuwaje? Fundi wa kukitengeneza yuko wapi? Na vipuri vitatoka wapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na kukusanya habari za nchi 16 zenye uwezo mdogo ulikuta kuwa karibu vifaa 40 katika kila vifaa 100 vya hospitali havikuwa vikifanya kazi. Sadaka iliyofunikwa turubai stoo haimfikii mgonjwa.

Aidha, yako mengi ya kufanya kwa wasiokuwa na mamilioni. Kitanda kinachoshuka chini, kizuizi cha pembeni kisichoyumba, taa ndogo ya usiku, ndara zisizoteleza, choo cha kiti kando ya kitanda, na kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa mbili hivi au kama atakavyoelekeza daktari: hayo yamewaokoa watu kabla ya vihisi havijabuniwa. Hata huko Uingereza, chuo cha madaktari bingwa kilipotoa mwaka 2012 utaratibu wa alama za tahadhari ya mapema, kilichohitajika hasa ni muuguzi mwenye kupima na kuandika mambo sita: pumzi, oksijeni, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, joto na fahamu. Misikiti yetu inaweza kuweka mfuko wa kuwalipa wasaidizi wa usiku, na vijana wetu wa kike na wa kiume wanaweza kufundishwa namna ya kumwinua mgonjwa na kumgeuza bila ya kumuumiza.

Tuna neno pia kwa wenye hospitali. Habari zote ambazo kitanda huzikusanya, pumzi za mtu, uzito wake, mara alizoamka usiku, ni siri zake, na siri ni amana. Nchini Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilitangulia na sheria yake mwaka 2019; lakini Muislamu anayo sheria iliyotangulia zote mbili, inayomkataza kufichua aibu ya mwenzake. Tunakiona kitanda kinachohisi bila ya kamera kuwa kinahifadhi sitara zaidi, hasa kwa mama zetu na dada zetu. Na mwenye kuwapunguza wauguzi kwa hoja kwamba sasa pana kengele, ajue kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Ataulizwa yeye, wala hatakiulizia kitanda.

Kwa familia tunasema: uuguzi usiwe mzigo wa binti mmoja kwa kuwa hana mume, au kwa kuwa anaishi karibu. Pangeni zamu. Kaka anayetuma fedha kutoka mbali amefanya jema, lakini fedha haikeshi. Aliyekesha usiku nne mfululizo naye amekwisha kuwa mgonjwa, na usingizi haumwombi mtu ruhusa. Katika hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim tunafunzwa kuwa Siku ya Kiyama mja ataulizwa kwa nini hakumzuru Mola wake alipougua. Atastaajabu, naye ataambiwa kuwa mja fulani aliugua, na lau angemzuru, angemkuta Mwenyezi Mungu kwake. Basi nani anataka kuikosa zamu ya namna hiyo?

Tumalizie kwa lile swali la pili. Tulimwambia binti yule: mwanangu, fikihi yetu inasema mwenye kushika amana hadhamini ila akivuka mipaka au akizembea. Wewe hukuzembea. Ulikesha, ulichoka, ulitoka kumtafutia baba yako maji. Tukamkumbusha mwisho wa Saad bin Muadh. Alikuwa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.), karibu na mbora wa viumbe, na usiku jeraha lake lilifunguka, na watu wa hema la jirani hawakujua mpaka walipoona damu ikiwatiririkia. Walishtuka, wakauliza damu ile inatoka wapi, wakakuta ni Saad. Akafa, naye alikuwa amemwomba Mola wake shahada kwa jeraha hilo. Hatujapokea kuwa Mtume (S.A.W.) alimkemea yeyote katika waliokuwa karibu naye. Ajali ikifika, haicheleweshwi wala haiharakishwi.

Alilia, kisha akasema: "Basi nitawaeleza wenzangu habari ya mchanga." Sisi tukasema kuwa hiyo ni sadaka yenye kuendelea kwa baba yake, inshaallah.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu na ujira wauguzi wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuitika wanapoitwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.